Kwa Nini Nilitoka Nairobi Nimekonda

Jumapili ile baada ya ibada mlinizunguka nje ya kanisa mkinipima kiuno kwa macho. Mmoja wenu akauliza kama siku hizi Nairobi hakuna chakula. Mwingine akasema, tena bila kupunguza sauti, kwamba labda Kendi wangu ameangukia kwa mtu mchoyo. Nilinyamaza kwa sababu hasira ilikuwa bado mbichi, na mwanamke mwenye hasira akianza kusimulia mlangoni mwa kanisa humaliza vibaya. Sasa nimekaa chini, nimeandika. Someni, na mkimaliza, lile neno la mchoyo mlirudishe mlikolitoa.

Githongo hadi Embu

Sitawachosha na habari za maandalizi. Shule ilifungwa, nikaosha masufuria ya jiko la shule ninakopika, nikamkabidhi mlinzi ufunguo, na kesho yake nikaondoka. Nilibeba ndizi, nduma na unga wa wimbi wa kumpikia mzazi uji. Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa amezaliwa Nairobi, na mimi, umri huu wote, sikuwa nimewahi kuvuka Embu.

Kwa wale walioolewa hapa kutoka mbali, nieleze jambo moja ili msinicheke. Binti yangu Kendi anaishi na kijana anaitwa Njue, mtu wa Mbeere, huko nyanda za chini za Embu. Kufikia siku hiyo, kwa nilivyojua, hakuna mtu wa kwao aliyekuwa amekuja kwetu kubisha hodi. Nilivyolelewa mimi, mzazi wa msichana hali chakula katika nyumba ya mkwe kabla watu wa mkwe hawajaja. Si maji, si chai, si tonge. Mama yangu alituambia kwamba mzazi akifungua mdomo wake kabla mlango haujafunguliwa, mtoto wa nyumba hiyo ndiye huumia. Mimi ni Mkristo na mnajua ninaimba sauti ya kwanza, lakini sikuwa tayari kufanya jaribio na mjukuu wa kwanza.

Kwa hiyo nilitoka nyumbani nikiwa na swali moja tu. Huko Nairobi nitakula wapi?

Kendi alikuwa amepanga, bila kuniuliza, kwamba nikifika Embu nikutane na mama yake Njue tusafiri pamoja. Nilimkuta stendi amekaa juu ya gunia dogo la ndengu, mama mwembamba, mrefu, kilemba kimefungwa vizuri, na kuku wawili kwenye kikapu wananiangalia. Tulisalimiana kwa adabu sana, ile adabu ya watu ambao hawajaamua kama watapendana. Yeye alisema Kimbeere, mimi Kimeru, tukasikizana. Tukaambiwa gari litaondoka likijaa. Wenye gari wakasema dakika chache tu, na dakika zao nyinyi mnazijua.

Njaa ikaniuma. Tukaingia hoteli moja hapo karibu na stendi, nikaagiza githeri. Jamani, nimepikia watoto wa shule githeri miaka na miaka, na sijawahi kumpelekea mtoto kitu kama kile. Mahindi yalikuwa hayajalowekwa, maharagwe yamepasuka, mafuta yanaelea juu, na kwa ajili ya mapambo wameweka kipande cha avokado ambayo haijaiva. Nilimwita mhudumu nikamuuliza kama aliyepika amewahi kuila mwenyewe. Akasema wateja wengine wote wameridhika. Nikawaangalia wateja wengine, walikuwa wanatafuna tu kwa subira.

Nilirudisha sahani. Mama Njue akamwambia mhudumu aniletee chapati na maharagwe, atalipa yeye. Nikakataa. Sikukataa kwa ubaya. Ni kwamba sikutaka kuanza safari na tonge la watu wale tumboni. Nikaagiza chai yangu, nikalipa mwenyewe. Yule mama akaweka kijiko chini.

"Basi," akasema. "Nimeelewa."

Alichokielewa sikukijua, na sikuuliza. Tulipanda gari tukakaa kiti kimoja, kuku katikati yetu, na kutoka Embu hadi barabara kubwa ya Thika tuliongea habari za mvua peke yake.

Roysambu, kulipa kabla ya kula

Njue alitupokea tulipoteremka. Ni kijana wa kufunga madirisha ya vioo kwenye majengo, mikono ina makovu madogo madogo. Alinipa mkono akiangalia viatu vyangu, akabeba mizigo yote, hata kuku, akatangulia. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia tangu gari lilipopita Chuka. Lakini huwezi kumkaripia mtu anayetembea mbele yako amebeba nduma zako.

Nikawaambia wasimame, nataka kula kwanza. Njue alishangaa, akasema Kendi amepika tangu asubuhi. Nikasema najua. Mama yake akamwambia kwa Kimbeere aniache. Kijana akabaki nje na mizigo, na sisi wawili tukaingia mahali penye vioo na picha za kuku ukutani.

Pale ndipo nilipoikasirikia Nairobi rasmi. Nilikaa mezani nikangoja. Hakuna aliyekuja. Watu wanaingia baada yangu, wanapata chakula, mimi nimekaa tu na mkoba mapajani. Mwishowe msichana wa kufagia akaniambia nipange foleni, nilipe, nipewe karatasi, ndipo nipewe chakula. Nikamuuliza, nilipe kitu ambacho sijakiona? Nikikipata kibaya nitadai kwa nani? Akasema ndivyo ilivyo. Kwetu mtu akila ndipo analipa, kwa sababu mwenye hoteli anakuamini na wewe unamwamini. Huku wanaanza kwa kukushuku kisha wanakukaribisha.

Nilipofika mbele, mvulana wa kofia nyekundu akaniuliza kama ninakulia hapo au ninabeba. Nikamwambia nimetoka Githongo nimebeba vya kutosha. Hakucheka. Walichonipa ni viazi vya kukaanga, laini, vimemwagiwa kitu chekundu kitamu, na paja la kuku ambalo nina hakika halikuwahi kutembea. Hakuna mboga. Nilipoomba mboga wakanionyesha majani ya kabichi mbichi yaliyochanganywa na kitu cheupe. Mimi na Mama Njue tulikula tumeangaliana. Kwa mara ya kwanza nikaona midomo yake inataka kutabasamu, lakini akaizuia.

Zimmerman, ghorofa ya juu

Njue alitufikisha mlangoni, akaweka mizigo, akasema atalala kwa rafiki yake siku zote nitakazokuwepo, ili niwe huru. Hiyo ni heshima, na nilijua ni heshima, lakini iliniudhi pia, kwa sababu maneno yangu ya tangu Chuka yalibaki hayana mtu.

Kendi alitufungulia. Mtoto alikuwa kifuani amelala, uso wake mdogo umekunjamana. Nilimchukua, nikamtemea kifuani mate kidogo ya baraka, na nikalia bila aibu. Kisha Kendi akaleta chakula. Alikuwa amepika mukimo wa ndizi za kupondwa, mboga na nyama ya mbuzi, amepanga kwenye sahani mpya ambazo bado zilikuwa na alama ya gundi chini. Akaninawisha mikono. Nikamwambia nimeshiba, tumekula njiani.

Alifunika sahani kwa sahani nyingine, akairudisha jikoni. Mama Njue akasema na yeye ameshiba. Yeye angekula, ilikuwa nyumba ya mwanawe, lakini baadaye aliniambia hawezi kutafuna mgeni mwenzake anamwangalia. Basi mukimo ule wote ukabaki, na Kendi akasema atakula baadaye.

Kulala nililala humo. Naona mnauliza. Mama Njue pia aliuliza, tulipokuwa tunatandika godoro sebuleni: "Kwa hivyo tumbo lako ndilo liko na mila, mgongo hauna?" Nilimwambia mama yangu hakusema lolote kuhusu mgongo. Akazima taa.

Kwenye kibanda cha mabati

Kuanzia hapo maisha yetu yakawa hivi. Asubuhi tunamwogesha mtoto, ninapika uji wa wimbi kwa ajili ya Kendi, ninauonja kwa pua tu, halafu mimi na Mama Njue tunashuka ngazi zote zile kwenda kutafuta chakula. Watu wa jengo wakaanza kutuzoea. Tulijaribu mahali pa supu ya kichwa ambapo kichwa kilikuwa hakijachomwa manyoya vizuri. Tulijaribu pa chapati ambapo chapati ziliwekwa kwenye karatasi ya plastiki zikatoa jasho. Mahali pengine walituletea ugali laini ambao kwetu tungeuita uji na tungeutafutia kikombe.

Hatimaye tukapata kibanda kimoja cha mabati nyuma ya jengo, cha mama anayepika kwa kuni. Maharagwe yake yameiva, sukuma wiki imekatwa nyembamba, na unakula kwanza, unalipa ukiinuka. Nikasema hapa ndipo Nairobi yangu itaishia. Lakini hata pale hatukuwa na raha. Mama Njue alikula akiangalia mbele, na mimi nilikula nikifikiri, hawa watu wana kuku, wana ndengu, wana adabu yote hii, sasa wanakosaje watu wawili watatu wa kutuma kwangu? Kila tonge lilikuwa na hasira ndani yake, ndiyo maana halikunenepesha.

Na kule juu mambo yalikuwa yanaharibika. Mtoto alianza kulia. Si kile kilio cha kawaida cha mtoto mchanga. Analia, ananyonya, anaachia, analia tena. Mama Njue ndiye aliyeona kwanza. Alifungua sufuria jikoni akanionyesha. Uji niliopika asubuhi ulikuwa pale pale, umeshika utando juu. Chini ya sinki tukakuta chakula cha jana kwenye karatasi, kimefungwa kwenda kutupwa.

"Huyu msichana hali," akasema. "Na maziwa hayatoki kwa hewa."

Nilimwendea Kendi chumbani. Nilimuuliza kwa ukali, nakubali, kwa sababu niliogopa. Alikuwa amekaa kitandani, mtoto mapajani, macho yamevimba.

"Mami, nikipika hauli," akasema. "Unashuka ngazi na mathe wa Njue kila siku, majirani wananiuliza kama nawanyima chakula. Mimi chakula hakishuki. Wewe ukikula, nitakula."

Nikamwambia anajua sababu. Akasema ndiyo, anajua, na ndiyo inamuumiza. Akageukia ukutani. Nilidhani tunazungumza juu ya jambo moja.

Hebu jiwekeni mahali pangu. Nikila, nimevunja kile nilichofundishwa, na anayeumia ni mtoto. Nisipokula, mama yake hali, na anayeumia ni mtoto yule yule. Nilisimama katikati ya chumba kile kidogo nikahisi kama watu wote wa Mbeere wamenikalia kifuani.

Nikashuka ngazi kwa kasi. Mama Njue akanifuata. Tulipokaa kibandani sikuagiza kitu. Nikamwambia, mbele ya mwenye kibanda na kila aliyekuwepo, kwamba watu wao wanamuua mtoto wangu na mjukuu wangu kwa uvivu. Kwamba barabara kutoka kwao hadi kwetu ni ya lami. Kwamba kama wangetuma hata watu wawili na mkono mtupu, leo ningekuwa ninakula mukimo kwa binti yangu.

Alinisikiliza hadi nikaishiwa. Kisha yeye pia akakasirika, na sikuwa nimejua kwamba mwanamke yule mpole anaweza kupandisha sauti vile.

"Wewe mama," akasema, "asali yetu ilikuwa na makosa gani?"

"Asali gani?"

"Asali! Mtungi mzima, ya mizinga yetu wenyewe. Mzee wangu aliibeba na ndugu zake wawili hadi kwa shemeji yako, yule wa Kangeta. Akapokea. Akasema mtaitwa. Tangu hiyo siku, kimya. Halafu nakutana na wewe Embu, nakununulia chapati, unakataa. Nikasema basi, wamedharau asali yetu, na mimi sitawabembeleza."

Mwenye kibanda alisimama na mwiko mkononi.

Nyinyi mnajua asali ni nini kwetu. Asali ndiyo hodi. Ikishapokelewa na ukoo, mlango umefunguliwa, hata kama waliyempa ni mtu mmoja tu wa ukoo. Na tangu mume wangu afariki, kaka yake mkubwa, Baba Mwenda, anayefanya biashara ya miraa Kangeta, ndiye husimama kwa niaba yetu. Walikwenda kwa mtu anayestahili. Walifanya kila kitu sawasawa. Njue alijua, Kendi alijua, na kwa kuwa mtoto hawezi kumwuliza mzazi wake habari za asali, walidhani nimeikataa. Binti yangu alikuwa ameketi pale juu siku zote zile akiamini kwamba mama yake amekuja kumwona mtoto lakini amekataa ndoa. Ndiyo sababu chakula hakishuki.

Nilimpigia Baba Mwenda simu pale pale. Nilisikia kelele za watu wa miraa sokoni. Nikamuuliza kama amepokea asali ya Mbeere.

"Ah, hiyo," akasema. "Iko salama. Hayo ni mambo ya wazee, Mama Kendi. Ungeambiwa siku ikifika."

Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo ningelijutia kanisani. Mama Njue alikuwa amefunika uso kwa kilemba. Nilidhani analia, kumbe anacheka, anacheka hadi benchi linatingishika, halafu akalia kidogo. Nikamshika mkono. Tukapanda ngazi polepole.

Kendi alituona tukiingia. Nikanawa mikono. Nikaenda jikoni, nikapakua mukimo wa Kendi uliobaki, baridi, nikakaa sebuleni nikala. Chumvi ilikuwa nyingi. Ndizi hazikupondwa vizuri. Nilimaliza sahani, nikanyoosha mkono nikaomba nyingine.

Alinitazama kutoka mlangoni mwa chumba, mtoto begani. Mama Njue akamchukua mtoto, akamwambia, "Kaa, kula na mama yako." Akakaa sakafuni karibu na miguu yangu kama alivyokuwa akikaa akiwa darasa la kwanza. Akala kutoka kwenye sahani yangu, kwa mkono, bila kupumzika. Kabla ya jua kuzama Njue aliitwa, naye akaja akasimama mlangoni akiangalia viatu vyangu. Maneno yangu ya tangu Chuka sikuyaona tena. Nilimwambia aingie, chakula kiko.

Kangeta

Siku ya kurudi, gari lilipofika njia panda ya kwetu sikushuka. Nililipa tena hadi Kangeta. Soko lilikuwa limechangamka, mafurushi ya miraa yamefungwa kwa majani ya mgomba, wanaume wanapimana bei kwa kunong'ona. Nilimkuta Baba Mwenda nyumbani kwake nyuma ya duka, amekaa na wenzake wawili, mashavu yamejaa miraa. Mezani kulikuwa na birika la chai na ule mtungi. Niliunyanyua mwenyewe. Ulikuwa mwepesi.

Aliniambia niketi. Akaanza kueleza, bila haraka, kwamba alikuwa anasubiri wakati mzuri, kwamba asali ilihitaji kuonjwa ili ijulikane ubora wake, kwamba si kila jambo mama wa msichana huambiwa linapoanza. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mke wake, ambaye sina ugomvi naye, akaniwekea chai na viazi vitamu mbele yangu.

Mimi ndiye niliyembeba Kendi. Mimi ndiye niliyelima kahawa na kupika jikoni mwa shule hadi akasoma. Kila Baba Mwenda akiwa na wageni, mimi huitwa kutoka Githongo kuja kuwapikia, na nimekuja kila mara. Na mambo ya binti yangu yakifika, mimi ni mtu wa kuambiwa siku ikifika. Kwa sababu ya siku hiyo yake, mtoto mchanga alilia Nairobi akitafuta maziwa.

"Kunywa chai kwanza," akasema, "tutaongea."

"Sinywi," nikamwambia. "Siku utakapokuja Githongo na mtungi umejaa, na useme mbele ya watu wa ukoo asali ilitoka kwa nani na ilienda wapi, siku hiyo nitakunywa kwako. Kabla ya hapo, si chai, si maji."

Wenzake wakaacha kutafuna. Nikawaaga kwa adabu, nikatoka.

Nilikuwa nimesimama barabarani nikingoja gari, tumbo linanguruma, Kendi akapiga simu. Alisema amekula ndengu za mama mkwe wake, sahani mbili, na mtoto amenyonya hadi akalala mdomo wazi. Akaniuliza kama nimefika salama na kama nimekula.

Nikamwambia sijala.

"Mami," akasema, na nikasikia anacheka, "sasa umegoma kwa nani tena?"